Uzi: Daktari aliyesomea nje anaingia mafunzo ya GP Uingereza. Tumsaidieje asimame mapema?

#1 Mkufunzi_Mlezi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa watu wa aina mbili: daktari aliyesoma nje ya Uingereza akapata nafasi ya mafunzo ya udaktari wa familia (nitasema GP tu, kama wote tusemavyo), na mkufunzi au meneja wa kituo anayempokea.

Msimamo wangu nautanguliza. Wengi wanaokuja wamekwisha kuzalisha, kupasua na kushika wodi nzima usiku peke yao. Tiba wanaijua. Kinachowakwamisha ni mambo ambayo hayaandikwi popote, kwa sababu waliokulia ndani ya NHS (huduma ya afya ya taifa) hudhani kila mtu anayajua. Kazi yetu ni kuyatamka waziwazi, mapema, katika saa zilizotengwa kwa ajili hiyo. Tukinyamaza, mtihani ndio utakaoyafichua, na wakati huo mwaka wa mwisho umeshaanza.

Mafunzo ni miaka 3, ST1 hadi ST3. Mwishoni lazima uwe na vitu vitatu vya MRCGP, yaani sifa ya kuhitimu u-GP: mtihani wa maarifa AKT, mtihani wa mashauriano SCA, na tathmini za kazini zinazokusanywa kwenye jalada la kielektroniki. Kila mwaka jopo la ARCP linalipitia jalada na kuamua kama unasonga mbele.

Kabla ya siku ya kwanza, hakikisheni haya:

- Leseni ya GMC (baraza linalosajili madaktari) ipo hai na anwani iliyoko kwao ni ya sasa.
- Ombi la Performers List kwa walioko England limetumwa. Hii ni orodha ya madaktari wanaoruhusiwa kutoa huduma za GP chini ya NHS. Usingoje uanze kazi kituoni, maana vyeti vya polisi kutoka nchi ulizoishi huchukua muda.
- Kadi ya smati ya NHS imetolewa NA imepewa jukumu sahihi. Hapa ndipo wengi hukwama wiki ya kwanza. Kadi inafungua faili la mgonjwa, lakini haina ruhusa ya kusaini dawa kielektroniki. Meneja aijaribu mapema kwa kufungua mfumo, siyo kuitazama tu.
- Bima ya taaluma. Kazi ya GP ya NHS huko England inalindwa na mpango wa serikali, CNSGP, tangu tarehe 1 Aprili 2019. Mpango huo unalipa fidia ya madai ya uzembe. Hausimami nawe mbele ya GMC, wala kwenye uchunguzi wa kifo mahakamani. Kwa hayo jiunge na chama cha kutetea madaktari: MDU, MPS au MDDUS.
- Semina ya GMC ya kukaribisha madaktari wapya, Welcome to UK Practice. Ni bure. Iwekwe kwenye ratiba ya kazi, asiende siku yake ya kupumzika.

Jambo moja la mshahara linalowachanganya wengi: katika maeneo mengi mwajiri wako ni taasisi moja inayowaajiri wanagenzi wote wa kanda, na kituo kinakupa kazi na malezi tu. Ukipeleka swali la payslip kwa meneja wa kituo utazungushwa bure. Na kama mwajiri hajapata taarifa zako za kodi, mshahara wa kwanza unaweza kukatwa kwa msimbo wa dharura. Jaza fomu ya mfanyakazi mpya siku unayosaini mkataba, kisha uangalie msimbo kwenye payslip ya kwanza.

#2 Karani_Mkuu

Asante mkuu. Naongezea upande wa ofisi ya kituo.

Wiki 2 za kwanza zisiwe na kliniki yake mwenyewe. Wengine hudhani kumketisha nyuma ya GP siku kumi kunatosha, lakini baada ya siku mbili mtu anachoka kutazama na hajifunzi tena. Mzungusheni: nusu siku mapokezi akisikiliza simu za asubuhi, nusu siku na mfamasia wa kituo, nusu siku na nesi wa kisukari na pumu, muda na mkunga wa jamii, na yule anayeunganisha wagonjwa na huduma za kijamii. Wengi wanatoka mahali ambapo kazi zote hizo zilikuwa za daktari. Asipowaona watu hawa kwa macho hatakumbuka kuwatumia, na atajibebesha mizigo isiyo yake.

Baada ya hapo mgonjwa mmoja kwa dakika 30, halafu 20, halafu 15. Kufika 10 ni jambo la baadaye sana na halina haraka. Kituo kinachomshusha hadi dakika 15 mwezi wa kwanza kwa sababu miadi imejaa kinamharibu, maana atajifunza kukimbia kabla hajajifunza kusikiliza.

Wiki ya mwanagenzi ni saa 40: vipindi 7 vya kliniki na 3 vya masomo, kila kimoja saa 4. Ndani ya saa 4 za kliniki kuna matokeo, barua, na kukaa na mkufunzi kupitia wagonjwa wa siku. Ukimwekea wagonjwa saa 4 kamili umemwibia saa moja, na ataifanyia nyumbani usiku.

Kitu kidogo ambacho hakuna anayekiuliza: kasi ya kuchapa. Aliyezoea kuandika kwa mkono anaweza kuwa daktari bora na bado achelewe kwa sababu ya kibodi. Mwangalieni wiki ya kwanza. Dakika 20 kwa siku za mazoezi ya kuchapa, pamoja na kumfundisha vifupisho vya SystmOne au EMIS, mfumo wowote wa faili za wagonjwa mlio nao kituoni, humrudishia muda mwingi kliniki.

#3 Mgeni_ST1

Shikamooni wakuu. Miezi yangu 6 ya kwanza nimepangiwa hospitali. Haya ya kituo si yanaweza kusubiri?

#4 Mkufunzi_Mlezi

Marahaba. Ya kituo yanaweza kusubiri, jalada haliwezi. Hili ndilo shimo la wanaoanzia hospitalini: zamu zinakula siku, msimamizi wa elimu yuko mbali, na mwezi wa 5 unagundua tathmini ya nusu mwaka iko mlangoni na jalada ni tupu.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila mwaka wa kazi kamili zinatakiwa kesi 36 za kliniki ulizozitafakari, yaani 3 kwa mwezi. Lazima ziwe za wagonjwa uliowaona wewe. ST1 na ST2 kila mwaka unahitaji mijadala 4 ya kesi na msimamizi na kutazamwa kazini mara 4. ST3 namba zinapanda: mashauriano 7 ya kutazamwa na mijadala 5 ya kesi, tathmini ya maandiko yako ya dawa, na maoni ya wagonjwa. Ulinzi wa watoto na wa watu wazima daraja la 3 lazima uwe hai. Ufufuaji wa moyo kwa mashine ya AED hurudiwa kila mwaka. Cheti kilichoisha muda wiki moja kabla ya jopo kinatosha kukupatia matokeo namba 5, maana yake ushahidi haujakamilika, hata kama wewe ni daktari hodari kuliko wote kandani.

Weka siku moja ya wiki, kwa mfano Alhamisi jioni, kesi moja basi. Anayeandika kesi 18 wikendi moja anajulikana kwa tarehe zake, na msimamizi hawezi kuona ukuaji ndani yake.

#5 Dkt_Uwazi

Hapo kwenye kuandika pana uzito, naomba tukae kidogo.

Vyuo vingi vya nje havifundishi kutafakari kwa maandishi. Vinafundisha kuripoti kesi: umri, dalili, vipimo, tiba, matokeo. Daktari anaandika ukurasa mzuri wa namna hiyo, msimamizi anaandika "hakuna tafakari", na mtu haelewi amekosa nini. Mfano wa wazi unasaidia kuliko maelezo.

Hafifu: "Mama wa miaka 52, maumivu ya kichwa wiki 3. Shinikizo 128/80. Mishipa ya fahamu sawa. Nilimpa parasetamo na kumwambia arudi akizidiwa. Nimejifunza umuhimu wa kuchukua historia nzuri."

Imara: "Nilimaliza uchunguzi wote kabla sijamuuliza anachohofia. Dakika ya 9 akasema dada yake alikufa kwa uvimbe wa ubongo. Ningelijua hilo dakika ya 2 ningeelekeza uchunguzi na maelezo yangu huko. Maelezo niliyotoa yalikuwa sahihi kitaalamu lakini hayakugusa kilichomleta. Wiki hii nitauliza hofu ya mgonjwa kabla ya kugusa mashine ya presha, na nitarekodi mashauriano 2 tuyatazame na mkufunzi."

Ya pili ni fupi kwenye tiba na ndefu kwenye fikra. Ina uamuzi, sababu yake, na kitakachobadilika, pamoja na tarehe. Kesi moja iunganishwe na umahiri usiozidi 3 kati ya ule 13 wa mtaala, na kila muunganiko uandikiwe sababu. Kuweka tiki bila sababu ni kazi bure.

Kuna hofu ambayo wakufunzi hawaioni. Dk. Hadiza Bawa-Garba, mwanagenzi wa tiba ya watoto aliyehukumiwa kwa kifo cha mgonjwa wake, alifutwa kwenye rejesta Januari 2018, akarejeshwa na Mahakama ya Rufaa Agosti mwaka huohuo. Tangu hapo wapo wanaoamini kwamba kukiri kosa kwenye jalada ni kujichimbia kaburi. Mtu anayetoka kwenye mfumo wa adhabu anaamini hivyo mara mbili. Mwambieni ukweli wote: GMC imesema haitamwitisha daktari tafakari zake ili kumchunguza, ila mahakama inaweza kuamuru nyaraka zitolewe. Kwa hiyo andika ulichojifunza. Usiandike jina, tarehe ya kuzaliwa, mtaa, wala ugonjwa adimu unaomtambulisha mtu. Tukio zito liende kwanza kwenye mfumo wa kituo wa kuripoti matukio na kwa mkufunzi. Jalada lije baadaye.

#6 Sikio_la_Simu

Naomba niingie kwenye lugha. Mtu ana IELTS ya 7.5 au OET ya B, halafu mgonjwa anamwambia "my waterworks are playing up" na anabaki ameduwaa. Mtihani ulipima Kiingereza cha darasani. Mgonjwa anazungumza cha jikoni.

Maneno yanayoleta madhara yakikosewa ni machache, na unaweza kuyakusanya. "Waterworks" ni mkojo. "Back passage" ni njia ya haja kubwa. "Funny turn" inaweza kuwa kizunguzungu, kuzimia, kifafa au kiharusi kidogo, usiandike chochote mpaka umeuliza nini hasa kilitokea na nani aliona. "Poorly" ni mgonjwa tu, lakini mzazi akisema mtoto ni "really poorly" inua kichwa. "I'm not too bad" kwa mzee wa kaskazini mwenye miaka 80 inaweza kuwa maumivu makali. "I don't want to bother you" mara nyingi hutangulia jambo zito kuliko yote ya siku hiyo.

Kwenye simu hali ni ngumu zaidi maana huoni uso. Dawa yake ni kurudia kwa maneno yako: "Nihakikishe nimekuelewa, unasema..." Hiyo siyo aibu. Ni usalama, na wagonjwa huipenda.

Lafudhi usiihangaikie. Kinachosaidia ni kupunguza kasi na kuweka kituo mwishoni mwa sentensi, hasa ukitaja jina la dawa na namba. Mkufunzi anayemwambia mtu "lafudhi yako ni tatizo" hajamsaidia. Amwambie neno lipi halikusikika, saa ngapi kwenye rekodi.

#7 SaaKumiNaMbili

Niseme juu ya mashauriano na SCA kwa sababu vitu hivi viwili ni kimoja.

SCA ilianza Novemba 2023. Unaifanya ST3, ukiwa kwenye chumba cha kituo, kwa video na simu: mashauriano 12, kila moja dakika 12, na dakika 3 za kusoma taarifa kabla ya kila moja. Alama zinatolewa katika maeneo matatu: kukusanya taarifa na kufikia utambuzi, mpango wa tiba pamoja na ugumu wake, na uhusiano na mtu. Ukigawa sawasawa unaona kwamba aliyetumia dakika 10 kuuliza amejinyima eneo zima la pili.

Makosa ya wenzetu waliosomea nje hujirudia kwa namna ileile:

Kwanza, historia ya wodini. Mfumo kwa mfumo, kuanzia kichwa hadi unyayo. Hospitalini ilikuwa fadhila. Hapa maswali yafuate uwezekano: nina mawazo matatu kichwani, swali gani linaondoa moja?

Pili, kuuliza mawazo, hofu na matarajio kama kasuku. Amefundishwa kwamba lazima, basi anayauliza yote matatu kwa mfululizo dakika ya 4, mgonjwa anajibu "wewe ndiye daktari", na anaendelea kana kwamba hakuuliza. Mgonjwa hudokeza mwenyewe dakika ya kwanza. "Kikohozi hiki, na kazini kwangu..." Hapo simama: "Umetaja kazini. Kuna nini kazini?" Swali moja lililozaliwa na neno la mgonjwa lina thamani kuliko matatu ya kukariri. Na jibu lake lirudi kwenye mpango. Kama alihofia saratani ya mapafu, maelezo yako lazima yataje saratani kwa jina na kusema kwa nini unaiona iko mbali, au kwa nini tunapima.

Tatu, kukwepa kutamka utambuzi. "Tufanye vipimo kwanza kisha tuonane." Wakati mwingine ni sahihi. Mara nyingi ni woga. GP hulipwa kwa kubeba mashaka bila kumtwisha mgonjwa yote: "Nadhani ni hiki, kwa sababu hizi mbili. Kinachonifanya nisiwe na uhakika ni kile."

Nne, maelekezo ya kurudi yasiyo na meno. "Ukizidiwa urudi" haihesabiki. Sema dalili gani, baada ya siku ngapi, aende wapi: kituoni, apige 111 (ushauri wa haraka), au 999 (dharura).

Gawa muda hivi: ikifika dakika ya 6 au ya 7, uwe umeshaanza upande wa mpango. Mazoezi yake hayaanzi ST3. ST1 rekodi shauri 1 kwa wiki, tazama na mkufunzi dakika 5 tu zake, chagua jambo 1 la kubadilisha. Kutazama shauri zima na kutoa makosa 14 kunavunja mtu moyo na hakubadilishi lolote.

#8 Dkt_Uwazi

Nakubali karibu yote. Ila ile ya "kushirikisha mgonjwa" tunayoihimiza kwenye mafunzo inahitaji neno zaidi, kwa sababu wengine huielewa kuwa ni kumwachia mgonjwa achague kila kitu. "Unataka antibayotiki au hutaki?" Huko ni kumtelekeza. Daktari aseme anachopendekeza na kwa nini, ataje njia nyingine ya kweli iliyopo, kisha aulize ipi inaendana na maisha yake. Pendekezo lazima liwepo. Wenzetu wanatoka kwenye upande wa kuamuru, wakiambiwa waache wanarukia upande wa pili kabisa.

#9 Rufaa_Leo

Mfumo sasa. Haya ndiyo yanayomkwaza mtu hodari wiki ya 3 akiwa peke yake chumbani:

Cheti cha kutokwenda kazini, kile tulichozoea kukiita ED. Siku 7 za kwanza mfanyakazi anajithibitishia mwenyewe, huandiki kitu. Ndani ya miezi 6 ya kwanza ya ugonjwa cheti kimoja hakizidi miezi 3.

Dawa zenye udhibiti. Maandiko ya kawaida yanaishi miezi 6, ya dawa zenye udhibiti siku 28, na inashauriwa usitoe zaidi ya siku 30. Pregabalini na gabapentini zimo kwenye kundi hilo tangu Aprili 2019. Wengi hushangaa, kwani walikozoea huandikwa kama dawa yoyote.

Saratani. Kuna njia ya rufaa ya haraka na vigezo vyake vimeandikwa na NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba. Dalili za utumbo mpana kwa kawaida huanza na kipimo cha FIT cha kinyesi: mikrogramu 10 za himoglobini kwa gramu au zaidi, rufaa ya haraka. Chini ya hapo si ruhusa ya kumsahau mgonjwa ambaye bado anapungua uzito. Mwambie mgonjwa kwamba hii ni njia ya kuchunguza saratani. Kuna madaktari wanaoficha neno hilo kwa huruma, mgonjwa haendi miadi, na huruma imegeuka madhara.

Udereva. Degedege la kwanza lisilo na kichocheo, dereva wa gari la kawaida haendeshi miezi 6. Kifafa, mpaka atimize miezi 12 bila degedege. Wajibu wa kuwaarifu DVLA (mamlaka ya leseni za udereva) ni wa mgonjwa, lakini akikataa na anaendelea kuendesha, daktari anaweza kuwaarifu mwenyewe baada ya kumwambia. Andika kwenye faili kwamba ulimwambia.

Ukeketaji. Msichana chini ya miaka 18 akikwambia amekeketwa, au ukaona dalili zake kwa uchunguzi, unaripoti polisi wewe binafsi kwa 101. Ni sheria tangu tarehe 31 Oktoba 2015. Huwezi kumwachia msimamizi.

Famasia. Tangu tarehe 31 Januari 2024 famasia za England zinatibu matatizo 7 bila daktari, yakiwemo maumivu ya koo, mkanda wa jeshi, na maambukizi mepesi ya mkojo kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64.

Na matokeo ya vipimo: aliyeagiza ndiye msomaji. Yanaangukia kwenye sanduku lako hata ukiwa likizo. Kabla ya kwenda likizo, au kuhama kituo mwishoni mwa zamu ya miezi 6, taja kwa maandishi nani atalisoma sanduku. Mwisho wa zamu ndipo vipimo hupotea.

#10 Pwani_ya_Forth

Rufaa_Leo, orodha nzuri, ila nusu yake inakoma mpakani na hukusema. Wajibu wa kuripoti ukeketaji polisi kwa namna hiyo ni wa England na Wales. Sheria ya uwezo wa kuamua ya 2005 vilevile ni ya England na Wales, Scotland tuna ya kwetu ya mwaka 2000. Ridhaa ya mtoto England inasimama juu ya hukumu ya Gillick ya 1985, Scotland juu ya sheria ya 1991. CNSGP ya chapisho la kwanza ni ya England, na ile huduma ya famasia kwa matatizo 7 pia. Anayekuja Scotland au Ireland ya Kaskazini asome kwa ofisi ya mafunzo ya huko.

#11 Rufaa_Leo

Sahihi kabisa mkuu, nimekosea kutosema. Wasomaji chukueni marekebisho hayo.

#12 BiTakwimu

AKT kidogo. Huruhusiwi kabla ya ST2. Asilimia 80 ni tiba, 10 ni takwimu na ushahidi, 10 ni uongozi na sheria za kituo. Muda ni kama dakika 1 kwa swali.

Daktari mpya hujaza miezi yote kwenye ile 80 aliyo nayo tayari, na hukimbia 20 iliyobaki. Takwimu zinazoulizwa ni zilezile: usikivu na umahususi wa kipimo, namba ya wagonjwa wa kutibiwa ili mmoja afaidike, kusoma mchoro wa forest na funnel. Zinajifunzika kwa wiki 3, saa 1 kwa siku. Ile ya uongozi huipati kitabuni peke yake: ni vyeti, dawa zenye udhibiti, DVLA, siri za wagonjwa, yaani chapisho #9. Ndiyo maana siwashauri kukaa AKT kabla ya kufanya zamu moja ya kituo.

Mwenye dalili za disleksia (ugumu wa kusoma) apimwe mwaka wa kwanza. Watu wengi hufika utu uzima bila kupimwa kwa sababu shuleni kwao hakukuwa na kipimo, kisha wanakosa muda wa ziada waliostahili.

#13 Mgeni_ST1

Asanteni sana. Msimamizi wangu huniambia "pengine ungefikiria kufanya hivi". Ninachukua kama wazo. Nakosea?

#14 Karani_Mkuu

Unakosea, na kosa si lako. Hapa "pengine ungefikiria" maana yake fanya, ikiwezekana kesho. "Hilo lilikuwa jambo la kuvutia" mara nyingi maana yake sikubaliani nawe. Ukiwa na shaka uliza: "Unataka nibadilishe, au ni hiari?" Wakufunzi mliomo humu, semeni moja kwa moja: acha hiki, anza kile, tutatazama Ijumaa. Anayefunika lawama kwa adabu miezi 8 kisha anaandika jambo hilo kwenye ripoti ya jopo hakumtendea haki mwanagenzi wake.

Upande wa pili: mwite mkufunzi jina lake la kwanza kama alivyokuomba, hata kama moyo unakataa. Ukisema "sijui, nitaangalia" mbele ya mgonjwa na kufungua BNF (kitabu cha dawa) au mwongozo wa NICE, heshima haishuki. Kinachomtia wasiwasi mkufunzi ni daktari asiyeuliza chochote wiki nzima. Na sisi wa kituo tujifunze kutamka jina la daktari kama anavyolitamka mwenyewe, tuliandike sawa mlangoni. Mgonjwa akimtukana kwa rangi au lafudhi, hatua zichukuliwe na meneja na barua itoke kituoni siku hiyo. Asiachwe ashughulike peke yake.

#15 Mlango_wa_Visa

Mafunzo ni miaka 3. Makazi ya kudumu kwa visa ya kazi wanayokuja nayo madaktari hawa yamekuwa yakihesabiwa kwa miaka 5. Kwa hiyo anayeingia ST1 moja kwa moja kutoka nje anamaliza kabla hajafikia, na udhamini wa mafunzo haumfikishi huko. Anahitaji kituo chenye leseni ya kudhamini wafanyakazi, na vituo vingi vidogo havina. Kuiomba kunawezekana, ila meneja anahitaji muda. Anzeni mazungumzo miezi 9 kabla ya kumaliza. Leseni ya kituo iulizwe kwenye simu ya kwanza, kabla ya kuzungumzia mshahara.

Pia anapomaliza, hadhi yake kwenye Performers List inabadilishwa kutoka mwanagenzi kuwa GP kamili. Haibadiliki yenyewe. Nimeona swali hili likiulizwa mara nyingi kwa kuchelewa.

Leseni ya udereva iingie kwenye mpango wa mwezi wa kwanza kwa sababu kuna ziara za nyumbani. Leseni za Kenya, Tanzania na Uganda zinatumika miezi 12 tangu uanze kuishi hapa, na hazibadilishwi moja kwa moja: ni mtihani wa nadharia na wa barabarani. Foleni ya mtihani wa barabarani ni ndefu, hivyo ukingoja mwezi wa 10 umechelewa.

#16 Sikio_la_Simu

Na mtu akianza kuzama? Halali, anakwepa simu, jalada limesimama?

#17 Mkufunzi_Mlezi

Msimamizi wa elimu na mkurugenzi wa programu waambiwe wiki hiyohiyo, kabla jopo halijakaa. Nyongeza ya muda iliyoombwa mapema kwa mpango ni tofauti sana na matokeo namba 3 (jopo limeamua unahitaji muda zaidi wa mafunzo) yanayoshuka bila kutarajiwa. Ushauri nasaha wa BMA (chama cha madaktari) ni wa saa 24, bure, hata kwa asiye mwanachama. England kuna Practitioner Health, huduma ya siri ya matibabu kwa madaktari, na unajipeleka mwenyewe bila rufaa. Aambiwe pia ajiandikishe na GP wake. Madaktari wengi wageni hawana GP hata baada ya mwaka, wanajitibu wenyewe.

#18 Mgeni_ST1

Swali la mwisho kwa leo. Hizo rekodi za mashauriano, ruhusa ya mgonjwa naipataje bila kumtisha?

#19 SaaKumiNaMbili

Mapokezi wampe fomu kabla hajaingia, aisome akiwa ameketi, na ajue akikataa atahudumiwa vilevile. Ukimwita, thibitisha kwa mdomo. Shauri likiisha, muulize tena kama bado anaridhia, maana huenda amesema jambo ambalo hakupanga kulisema, na asaini mara ya pili. Uchunguzi wa sehemu za siri haurekodiwi kamwe: zima kamera, usiigeuze tu ukutani. Rekodi ikae kwenye mfumo ulioruhusiwa na kituo. Isiguse simu yako binafsi hata kwa dakika moja.